Mkono kwa Mkono, Njia Panda ya Misigiri

Ukitoka Singida kwa barabara ya Nzega, kabla hujaanza kuteremka mlima Sekenke kuelekea Shelui, unapita Misigiri. Hapo ndipo inapochepuka barabara ya Kiomboi, makao makuu ya Wilaya ya Iramba. Abiria wa Kiomboi hushuka, wa Mwanza hupanda, malori hupita usiku kucha, na mafuta ya alizeti hupanda basi kwa madumu.

Kaa pale kibandani kwa muda wa chai moja na chapati mbili, utaona jambo ambalo wasafiri wengi hawalitazami. Bibi amemshika mjukuu mkono. Mtoto ana miaka minane au tisa, begi la shule mgongoni, anakwenda likizo kwa shangazi. Basi linasimama, lakini bibi hamwachii apande. Anamsubiri konda ashuke, anamwambia, "Mwanangu, huyu nakukabidhi," kisha anataja mambo matatu: jina la mtoto, anakoshukia, na jina la atakayempokea. Namba ya simu imeandikwa kwenye kikaratasi kilichotiwa mfukoni mwa mtoto, ila bibi haamini karatasi. Anamtajia konda namba ile kwa mdomo, naye aibonyeze mbele yake. Konda mzuri humkalisha mtoto nyuma ya dereva, na wakifika stendi hamtoi kwa kila anayenyoosha mkono. Humwuliza mpokeaji, "Umekuja kumpokea nani?" Jina lisipotajwa, mtoto hashuki.

Utotoni nilisafirishwa hivyo zaidi ya mara moja, nikadhani ni habari ya nauli tu. Nimekuwa mtu mzima ndipo nikaona kwamba kuna kazi nzima, tena ya serikali, ambayo ufundi wake wote umo ndani ya tendo lile la bibi. Ni kazi ya kumchukua mtoto aliyeumizwa, au aliyeona jambo ambalo jicho la mtoto halikupaswa kuliona, na kumfikisha kwa watu wanaoweza kumsaidia bila kumwangusha njiani. Hufanywa na afisa ustawi wa jamii, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, na mwalimu wa malezi, na askari wa Dawati la Jinsia na Watoto, na mara nyingine mama wa kawaida asiye na cheo ila kila mtu kijijini hupeleka shida kwake. Humu nitawaita wote kwa jina moja, fundi.

Najua jina hilo litawashangaza wengi, maana ustawi tunaujua kwa vitisho. Mume na mke wakigombania matunzo ya mtoto, mmoja humwambia mwenzake, "Nitakupeleka ustawi!" kama vile anamtaja chatu. Ofisi yenyewe, ukiifikia, mara nyingi ni meza moja, benchi la wageni na rundo la mafaili. Hakuna kinachometa pale. Fundi seremala atakuonyesha mlango, fundi cherehani atakuonyesha gauni. Fundi huyu hana cha kukuonyesha, kwa sababu kazi yake ikifaulu mtoto anarudi kuwa mtoto tu, anarushia kuku mawe na kugombezwa kama wenzake.

Tuanze na neno. Wataalamu husema kiwewe. Ni neno zuri, lakini majumbani hulisikii. Hutasikia bibi wa Misigiri akisema mjukuu wake ana kiwewe. Atasema, "Huyu mtoto amebadilika." Ndilo neno ambalo fundi husafiri kulifuata. Amebadilika vipi? Alikuwa ameacha kukojoa kitandani, ameanza tena. Honi ya lori ikilia anadondosha sahani. Anasinzia darasani kwa sababu usiku halali. Anapigana na wadogo zake bila sababu, au anacheza mchezo ule ule wa kugonganisha magari, siku baada ya siku, na hacheki. Yote haya mzazi anaweza kuyaona na kuyalalamikia, na kulalamika ni heri, kwa kuwa lalamiko husikika.

Hatari iko kwa mtoto asiyelalamikiwa. Sisi tumelelewa kusifu ukimya. Mtoto asiyeuliza, asiyejibu, anayejikunja pembeni mgeni anapoingia, tunasema ana adabu, mama yake kamfunza. Fundi huogopa adabu iliyokuja ghafla. Mtoto aliyekuwa mtundu mwezi uliopita, leo anaambiwa kaa anakaa, anaambiwa kula anakula, anaambiwa nyamaza na kumbe alikuwa kimya tangu mwanzo: huyo hakufunzika, ameganda. Kuitilia shaka sifa ambayo kijiji kizima kinaitoa kunahitaji jicho, na jicho hilo halipatikani kwenye warsha ya siku mbili yenye chai na posho.

Nitamwumba mtoto mmoja ili tumwone fundi akiwa kazini. Simjui popote, nimemtengeneza kwa mambo yanayoweza kutokea kwenye barabara kuu yoyote. Ana miaka tisa. Alikuwa nyuma ya baiskeli ya baba yake jioni lori lilipowapitia. Baba akafa palepale, yeye akaangukia majanini. Mama alikwishakwenda kutafuta riziki kwenye machimbo, kwa kuwa upande huo wa Sekenke dhahabu imechimbwa tangu enzi za Wajerumani na mpaka leo wachimbaji wadogo hawajaisha. Mtoto yuko kwa bibi. Msiba umekwisha, matanga yameanuliwa, watu wamerudi mashambani. Miezi miwili baadaye bibi anasema lile neno, amebadilika.

Fundi mbovu hufika kwa pikipiki hadi mlangoni, na fomu mkononi. Fundi mzuri huiacha pikipiki kwa jirani wa mbali na kuja kwa miguu, maana pikipiki ya ofisi mlangoni ni tangazo. Anapiga hodi, anangoja. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu, karibu." Anauliza habari za mvua, za mtama, za mguu wa bibi ambao huuma kila masika. Akikuta bibi anachambua maharage, anavuta kigoda na kuchambua naye. Kama anakijua Kinyiramba anakitumia, na kama hakijui hujifunza angalau salamu. Nusu saa nzima inaweza kupita bila mtoto kutajwa. Mkaguzi kutoka mjini angeandika kwamba muda umepotea. Mimi naona ndio muda ambao kazi yote inaegemea, kwa sababu bibi anampima mgeni: huyu ni wa kunisaidia, au ni wa kuninyang'anya mtoto?

Fomu ipo, iko kwenye mkoba, na itajazwa. Serikali ina mfumo wake wa kusimamia mashauri ya watoto, wenye hatua za kutambua, kutathmini, kupanga, kuunganisha na kufuatilia, na bila maandishi hayo mtoto husahaulika fundi akihamishwa. Lakini fomu ikitangulia salamu, bibi hujibu fomu, na majibu ya fomu ni "ndiyo" na "hapana" na "tuko salama tu".

Mtoto naye hasogelewi uso kwa uso. Fundi humkuta akitengeneza gari la waya lenye magurudumu ya soli za ndala, akakaa ubavuni, wote wawili wakilitazama gari. Nimependa sana jambo hili. Macho yakikutana, mtoto hujiona yuko mbele ya mwalimu. Macho yakiwa kwenye waya, maneno hupita pembeni yenyewe. Wala hamwulizi kilichotokea. Humwuliza, "Usiku unalalaje?" Baadaye, siku nyingine pengine, "Ukiogopa, unamfuata nani?" Swali hili la pili ndilo lulu ya kazi yote, nami sijui kama vyuo vinalipa uzito unaostahili. Mtoto anapolijibu anakuwa ameshaanza kumwonyesha fundi njia. Akisema "bibi", kuna nguzo. Akisema "mwalimu fulani", kuna mlango. Akisema "hakuna mtu", fundi amejua ukubwa wa jeraha bila kulifungua.

Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia uliotolewa na Shirika la Afya Duniani na wenzake mwaka 2011 umejengwa juu ya vitenzi vitatu: tazama, sikiliza, unganisha. Unaonya pia kwamba mtu asishinikizwe kusimulia yaliyompata. Watu wengi wanaosoma mwongozo ule huvutiwa na kusikiliza, na ni kweli kusikiliza kuna sifa yake, hata mashairi yameandikwa juu yake. Kitenzi cha tatu hakina mashairi. Hata hivyo msikilizaji asiyeunganisha humwacha mtoto amefunguka na hana pa kwenda, kama abiria aliyeshushwa njia panda usiku akaambiwa basi jingine litakuja.

Kuunganisha na nani? Ofisini kuna karatasi iliyobandikwa ukutani yenye orodha ya huduma: zahanati, hospitali ya wilaya pale Kiomboi, polisi, mahakama, TASAF kwa kaya maskini. Karatasi hiyo ni ya lazima. Fundi ana orodha nyingine kichwani, isiyobandikika popote. Anajua ni muuguzi yupi ana mikono laini na yupi ana ulimi mkali. Anajua kwamba mwenyekiti wa kitongoji fulani ni shemeji wa mtu anayelalamikiwa, kwa hiyo taarifa ipitie kwa mtendaji. Anamjua mwalimu wa kwaya ya watoto ambaye hajawahi kumfukuza mtoto kwa kukosa sare. Anamjua fundi baiskeli wa pale barabarani aliyefiwa na baba akiwa mdogo, na ambaye kibanda chake huwa na wavulana wawili watatu wanaoshika spana wakijifanya wanasaidia. Hakuna wizara iliyomsajili fundi baiskeli huyo kuwa mtoa huduma. Kwa mtoto wangu wa kubuni, ambaye baba yake alifia kwenye baiskeli, pengine ndiye mtu wa maana kuliko wote. Au pengine kibanda kile ndicho mahali asipopaswa kabisa kupelekwa. Kuijua tofauti hiyo ndio ufundi.

Halafu yanakuja makabidhiano yenyewe. Fundi anakwenda shule. Anamkuta mwalimu mkuu, wanasalimiana, anaomba dakika tano. Anasema: mtoto huyu usiku halali vizuri, akisinzia asichapwe, honi ya lori humshtua, akalishwe mbali na dirisha la barabarani, akiomba kutoka, aruhusiwe. Basi. Habari za lori, za majani, za mama machimboni, hazitaji. Anampa mwalimu kinachomsaidia kufundisha, na kumnyima kinachomsaidia kusimulia. Jambo la viboko analisema waziwazi, kwa kuwa kanuni za shule nchini bado zinaruhusu viboko kwa idhini ya mkuu wa shule, na kiboko kimoja kwa mtoto anayeshtuka hubomoa kazi ya mwezi mzima.

Ukimya huu wa kuchagua ni mgumu kuliko unavyoonekana. Kijijini habari ni kama chumvi, kila nyumba inaihitaji. Fundi akitoka kwa bibi hukutana na watu watano njiani, na wote wanauliza kwa upendo, "Vipi yule mtoto?" Jibu lake ni "Tunamshukuru Mungu," na anaendelea kutembea.

Watoto wengi hawahitaji zaidi ya hapo: mtu mzima mmoja thabiti, usingizi unaorudi taratibu, shule isiyoumiza, mchezo. Wachache huhitaji daktari wa afya ya akili, na hapo safari huwa ndefu, Kiomboi, Singida mjini, pengine mpaka hospitali ya Mirembe kule Dodoma. Huku ndiko kazi mbovu inakojulikana. Mtoto hupewa kikaratasi cha rufaa na bibi huambiwa, "Nendeni mkaonyeshe hiki." Nauli hamna. Wakiipata, wanafika dirisha lisilo lao, wanaambiwa warudi Jumatatu. Kila meza mpya inauliza upya, "Ilikuwaje?" Hesabu mwenyewe njia ya mtoto aliyefanyiwa ukatili: mwenyekiti, mtendaji, polisi, daktari, ustawi, mwendesha mashtaka, hakimu. Vinywa saba vinauliza, na kila mara mtoto anarudishwa palepale alipoumia. Fundi mzuri hutangulia. Hupiga simu kabla, hupata jina la mtu wa upande wa pili, huandika yale yaliyokwisha kusemwa ili yasiulizwe tena, na anapoweza huenda naye mwenyewe na kukaa kwenye benchi lile mpaka jina liitwe. Ni konda anayeuliza, "Nani anampokea?"

Serikali, kwa bahati au kwa hekima, ililitaja jambo hili vizuri ilipoanzisha vituo ndani ya baadhi ya hospitali, Bara na Zanzibar, ambamo daktari, polisi na ustawi hukaa pamoja ili mtoto asizungushwe. Waliovipa jina la Kiingereza walitazama safari: unasimama mara moja tu. Kiswahili kilitazama viungo vya mwili. Tunaviita Vituo vya Mkono kwa Mkono. Sidhani kama yupo aliyeshinda tuzo kwa jina lile, na alistahili.

Mwendo wa kazi hii si mmoja. Yule mvulana wa baiskeli alihitaji fundi wa polepole. Akija msichana aliyebakwa, fundi yule yule aliyechambua maharage nusu saa anageuka kuwa mtu wa kuhesabu saa. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, na kila saa ya mapema ina faida. Mtoto asiogeshwe kwanza. Nguo zisifuliwe, na zitiwe kwenye mfuko wa karatasi badala ya wa plastiki, kwa sababu plastiki hutunza unyevu na unyevu huharibu ushahidi. Fomu ya polisi, PF3, ipatikane na ijazwe. Wakati huohuo upande wa pili wa ukuta wazee wameshakaa kikao, na neno limeshatamkwa: tumalizane kifamilia. Ng'ombe wawili, au fedha, na aibu ifunikwe. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki ya mtoto inavunjwa aitoe kwa serikali ya mtaa wake, na fundi anaijua. Lakini hamrushii mzee kifungu usoni. Humwita mjomba wa msichana pembeni na kumwuliza, "Mjomba, ng'ombe hao atawachunga nani, na huyu mtoto atapita njia ipi kwenda shule?" Akishindwa kwa upole, basi anakwenda dawatini, na uadui anaubeba. Mafundi wengine wamelala na hofu kwa ajili ya kesi moja.

Na kuna mtoto asiyeweza kusema kabisa. Mkoani Singida, utafiti wa afya wa taifa wa 2015-16 ulikuta wanawake 31 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa. Baada ya sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 kukataza jambo hilo kwa wasichana walio chini ya miaka 18, kisu katika baadhi ya familia kilihamia kwa watoto wachanga, kwa kisingizio cha ugonjwa uitwao lawalawa, ambao kwa kweli ni maambukizi ya kawaida yanayotibika zahanati. Hapa fundi ni muuguzi wa kliniki anayempima mtoto uzito. Anachokabidhiwa ni mama mwenye hofu, na anachokabidhi ni dawa na maelezo yatakayomwezesha mama kumjibu mama mkwe. Nalitaja kwa kifupi, ingawa linastahili makala yake.

Kwamba ufundi huu unafundishika, tunayo hoja ya karibu. Moshi kwetu na Bungoma nchini Kenya, watafiti walichukua watu wa kawaida, wasio na taaluma ya afya ya akili, wakawafunza kuendesha tiba ya vikundi kwa watoto waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Walikuwa watoto 640, vikao 12 vya kikundi na vichache vya mtoto peke yake, walezi nao wakihusishwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020: tiba ilipomalizika, katika maeneo matatu kati ya manne watoto waliopata tiba hiyo walikuwa na nafuu kubwa ya kiwewe kuliko wenzao waliopata huduma za kawaida. Mimi nimevutiwa na jambo dogo ndani yake kuliko idadi. Wale watoa tiba hawakufunzwa wakaachwa. Walikuwa na wasimamizi wa kuwarudia, kueleza walipokwama na kujaribu tena, kama mwanagenzi wa useremala anayerudisha mguu wa kiti kwa fundi wake auangalie. Miradi mingi inayopita vijijini hukumbuka mafunzo na kusahau usimamizi. Huja na fulana na vipeperushi, hupiga picha na watoto, kisha siku moja unasikia "mradi umeisha", na mhudumu amebaki na majina ya watoto kwenye daftari na hana wa kumpigia simu.

Daftari hilo nalo nililiheshimu nilipoelewa linavyotumika. Si la ripoti. Ripoti zina fomu zake. Ni la kurudi. Ufuatiliaji ndio sehemu isiyosifiwa na yeyote, kwani mgeni aliyekuja na msaada hupigiwa vigelegele, lakini anayepita mwezi wa tatu, wa sita, wa tisa, "napita tu bibi, nimesema nikusalimie", huyo hana sherehe. Anapita kuona kama gari la waya bado linagonganishwa. Anapita kwa sababu siku ya kumbukumbu ya kifo inakaribia, au mavuno yameanza na barabara ina malori mengi, au mama amerudi kutoka machimboni na mume mpya. Nyumba ikiwa haikaliki tena, atatafuta ndugu, na ndugu wakikosekana, familia ya kuaminika iliyopimwa kabla. Makao ya watoto huja mwisho. Wapo wafadhili wanaoanzia huko mwisho kwa kuwa jengo hupigika picha, na mimi nadhani wanakosea.

Tanzania ilikuwa ya kwanza Afrika kuchapisha utafiti wa taifa uliopima ukatili wa aina zote tatu, wa kingono, wa kimwili na wa kihisia, kwa wasichana na wavulana. Ulifanyika 2009 ukatolewa 2011. Karibu wasichana 3 katika kila 10 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18, na wavulana karibu 1 katika kila 7. Tarakimu hizo zimerudiwa katika hotuba nyingi. Haijarudiwa sana nyingine iliyomo humohumo: ni takriban nusu ya wasichana hao na theluthi ya wavulana hao waliomwambia mtu yeyote, na waliopata huduma walikuwa wachache zaidi. Nchi ikajibu kwa mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, MTAKUWWA, ulioanza mwaka wa fedha 2017/18 na kuunda kamati za ulinzi mpaka ngazi ya kijiji. Kamati ni jambo jema. Lakini pengo kati ya mtoto aliyesema na mtoto aliyesaidiwa haliwezi kuzibwa na kikao. Linazibwa na mtu anayetembea kwa miguu kutoka nyumba moja mpaka ofisi moja, mtoto yuko ubavuni, na jina la mpokeaji analo.

Mtu huyo naye ana usiku wake. Amebeba habari ambazo hawezi kumsimulia mumewe au mkewe, na kesho atakutana sokoni na baba wa yule msichana, na atamsalimia. Mshahara, kwa wenye mshahara, ni wa afisa wa kawaida. Wengi wa wahudumu ngazi ya jamii wameifanya kazi hii miaka mingi kwa posho ya kubahatisha. Nikiulizwa ni fundi gani katika Iramba yote ambaye ningependa mwanangu ajifunze kwake, nisingekwenda kwanza kwa seremala.

Msomaji wa Misigiri, na wa njia panda nyingine yoyote: mwulize mtendaji wa kijiji chako jina la mhudumu na la afisa ustawi wa kata yako. Uliza wiki hii, kabla hujawahitaji, uandike namba zao. Ukiwa safarini na hukumbuki jina la mtu, Simu ya Huduma kwa Mtoto ni 116. Haina malipo, na hata mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.